Ishirini kwa Hamsini

Kusini mwa Arizona, kwenye milima kama Santa Rita na Chiricahua, yuko kulungu mdogo aitwaye Coues. Dume lake ni nadra kuvuka kilo 45, na manyoya yake yamefanana na mawe na nyasi kavu hata wawindaji wa huko humwita mzuka wa kijivu. Huyu hasakwi kwa miguu. Mtu huketi upande mmoja wa korongo tangu alfajiri, akaupekua upande wa pili kwa darubini, kichaka baada ya kichaka.

Huko ndiko alikokwenda kijana mmoja, bidii tele, pesa haba. Dukani alikuta darubini mbili za macho mawili, bei sawa: moja 10x42, nyingine 20x50. Nani anunue kumi ilhali ishirini ipo? Muuzaji hakumpinga, wauzaji hawana desturi hiyo. Chenji iliyobaki ikanunua stendi nyepesi ya miguu mitatu, ya kushikia kamera ndogo sebuleni.

Namba ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa mwali unaoingia jichoni: 4.2 kwa ile darubini aliyoiacha, 2.5 kwa aliyoichukua. Jua likiwaka, mboni imesinyaa na tofauti haionekani. Lakini kulungu hutoka kula alfajiri na magharibi, saa ambazo mboni imepanuka na kudai mwanga. Kijana alitazama kiza, na mzee aliyeketi jirani naye alikwisha kuona majike matatu chini ya mwaloni.

Kulipokucha, balaa likawa jingine. Kinachokuza mlima hukuza na mtetemo pia. Kijana alisimama, akaivuta nguzo ya kati ya stendi hadi mwisho, na kila upepo ulipopita korongo zima likacheza mbele yake. Kufika saa nne kichwa kilikuwa kinamgonga.

“Shusha hiyo nguzo, mwanangu,” mzee akamwambia. “Tandaza miguu, kaa chini, ning'iniza begi lako hapo katikati.”

Ikatulia kidogo, si sana. Viungio vya plastiki vina kikomo chake. Mzee mwenyewe alitumia 15x56 juu ya stendi fupi ya kaboni yenye kichwa kinachogeuka polepole bila kushtuka. Hata hivyo hakumshauri anunue kama yake. Alimtajia 10x42, kwa kuwa hiyo hushikika hata mkononi mtu akiwa anatembea, na akamtaka ahakikishe ina tundu la skrubu mbele, katikati ya mirija miwili, la kufungia kishikio cha stendi. Pesa nyingine yote, alisema, iende kwenye miguu mitatu.