Mke Aliyepigwa na Mlango wa Kukimbilia





Katika darasa letu lilizuka swali: je, yafaa fedha za serikali zitumiwe kuwajengea makimbilio wanawake wanaopigwa na waume zao, kama itakiwavyo kwa Kisii na Nyamira? Wako waliosema kuwa huko ni kuvunja nyumba za watu kwa kodi zetu. Na mmoja akauliza, sisi watu wa pwani yatuhusu nini mambo ya bara?

Yatuhusu. Katika mji wa Kisii wako Waislamu, wakiwemo wenye asili ya Kinubi, nao Wakisii ni jirani zetu hapa pwani. Zaidi ya hayo, uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wamekwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu kutimiza miaka 15. Hesabu hiyo haikuruka nyumba zetu.

Tutazame hali ya Kisii. Kwa mila yao ya tangu zamani, mahari ni ng'ombe, naye apokeaye ni baba. Mke akivunja ndoa, ng'ombe hudaiwa. Na huenda wamekwisha kutolewa mahari ya mke wa kaka yake. Basi baba humrudisha binti kwa aliyempiga, si kwa kutompenda, ila kwa deni. Tena ardhi ni finyu: hesabu ya watu ya 2019 ilikuta Kisii zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Shamba lililogawanywa kwa wana wa kiume, binti arudiye hutiwa wapi?

Kwetu mahari ni mali ya mke mwenyewe, na hilo ni neema ya sharia. Lakini ni wazazi wangapi wa Kiislamu humpokea binti mwenye jicho lililovimba, wakampa chai, na kabla ya Magharibi wakamrudisha na neno moja tu, vumilia?

Habiba binti Sahl, mke wa Thabit bin Qays, alipigwa na mumewe hata akavunjwa kiungo. Ndivyo alivyopokea Abu Dawud. Na katika mapokezi ya Imam Malik, Mtume alipotoka kwenda kusali Alfajiri alimkuta gizani mlangoni pake, akamwuliza ana nini. Hakumwambia arudi akavumilie. Alimwita Thabit, akamwamuru apokee mahari yake na amwache; naye Habiba akakaa kwa jamaa zake. Wanaoshika aya ya 34 ya Surat An-Nisaa kama fimbo na wakumbuke kuwa aliyeteremshiwa hakumpiga mwanamke kamwe kwa mkono wake, kwa ushahidi wa Bi Aisha.

Na asemaye kuwa makimbilio ni bidaa ya Wazungu hajasoma tarikhi. Mwaka 684 wa Hijra (1285), binti wa Sultani Baybars alijenga Cairo nyumba ya Ribat al-Baghdadiyya. Maqrizi aeleza kuwa walikaa humo wanawake walioachwa na waliotelekezwa, wakihifadhiwa mpaka waolewe au warejee kwa waume zao. Nyumba hiyo haikuvunja ndoa. Iliwapa wanawake mahali pa kungojea kwa heshima.

Serikali yetu yenyewe imekwisha kukiri wajibu huu. Sheria ya mwaka 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani yampa aliyepigwa haki ya kuomba amri ya mahakama ya kumlinda. Mwaka 2021 iliahidi mbele ya mataifa kutenga dola milioni 23, na kuzifikisha milioni 50 ifikapo 2026. Ahadi ni deni. Amri ya mahakama ni karatasi. Haimfuniki mama na watoto usiku wa mvua ya Nyamira, na polisi asiye na mahali pa kumpeleka humrudisha alikotoka.

Basi rai yangu ni mbili. Vikao vya wananchi juu ya bajeti ya kaunti vikiitwa, hapa kwetu na huko Kisii na Nyamira, Waislamu waende wakaulize fungu la makimbilio ni kiasi gani na limetumikaje. Na wenye nyumba za wakfu, pamoja na Makamishna wa Wakfu, watazame kama katika nyumba zisizowekewa sharti jingine haipatikani hata moja ya kazi hii. Wenye rai nyingine wailete darasani.

Wabillahi tawfiq.