Bunduki na Haki ya Kujilinda katika Fikra za Wamarekani

Swali la nani anayebeba wajibu wa mwisho wa kulinda uhai wa mtu, mtu mwenyewe au dola inayomtawala, ndilo lililo chini ya mjadala wote wa bunduki nchini Marekani, hata pale wanaojadiliana wanaposhughulika na vifungu vya sheria na hesabu za vifo. Kwa wamiliki wengi wa silaha nchini humo, wajibu huo haukuwahi kutoka mikononi mwa mtu mwenyewe.

Imani hii ina nasaba inayojulikana. John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza aliyesomwa sana na waasisi wa Marekani, alifundisha mwishoni mwa karne ya 17 kwamba kila mwanadamu ana haki ya asili, yaani haki aliyo nayo kabla ya kuwapo serikali yoyote, ya kuhifadhi uhai wake. Alifundisha pia kwamba watu wanapofanya mkataba wa kijamii, yaani makubaliano ya kuishi chini ya utawala mmoja, huikabidhi dola kazi ya kuhukumu na kuadhibu, lakini hubaki na haki ya kujitetea pale mshambuliaji anapowavamia na sheria haiwezi kuwahi. Hata Thomas Hobbes, aliyetaka mtawala apewe karibu mamlaka yote, alikiri kwamba hakuna awezaye kuahidi kutojikinga dhidi ya anayetaka kumuua. Juu ya falsafa hiyo waasisi waliongeza hofu yao wenyewe ya kunyang'anywa silaha, kwa kuwa vita vya uhuru vilianza Aprili 1775 pale askari wa Uingereza walipotumwa kuteketeza akiba ya silaha za wanamgambo huko Concord. Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanataja wanamgambo na yanataja pia haki ya watu ya kumiliki na kubeba silaha. Ni mwaka 2008 tu ambapo Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi na kwamba kiini chake ni kujilinda.

Hoja yenye nguvu zaidi ya wamiliki wa silaha, ambayo wapinzani wao huipita haraka mno, inahusu ahadi ya dola yenyewe. Katika shauri la mwaka 2005 lililotoka mji wa Castle Rock, Colorado, mama aliyekuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mume waliyetengana naye aliwaomba polisi mara kwa mara wamtafute baada ya mtu huyo kuwachukua binti zao watatu. Polisi hawakuchukua hatua, na watoto wakauawa. Mahakama ya Juu iliamua kwamba Katiba haikumpa mama huyo haki ya kudai kwamba polisi waitekeleze amri ile. Dola inayojivua wajibu kwa namna hii haiwezi, kwa dhamiri safi, kumwambia raia kwamba kazi ya kumlinda si yake tena. Wamarekani weusi waliujua ukweli huo mapema zaidi: mwaka 1865 jimbo la Mississippi liliwakataza watu waliotoka utumwani kumiliki silaha bila kibali, na mwandishi Ida B. Wells, baada ya rafiki zake kuuawa na genge huko Memphis mwaka 1892, aliwahimiza weusi kuweka bunduki nyumbani kwa kuwa sheria ilikuwa imekataa kuwalinda.

Dini imeongeza uzito wake, ingawa si upande mmoja tu. Wakristo wanaotetea silaha huitaja sura ya 22 ya Injili ya Luka, ambapo Yesu anawaambia wanafunzi wanunue upanga, lakini katika sura hiyohiyo anamzuia aliyeutumia na kumponya aliyejeruhiwa. Mwanateolojia Thomas Aquinas alipatanisha kujitetea na katazo la kuua kwa kusema kwamba anayejitetea anaruhusiwa kukusudia kuokoa uhai wake tu, si kuua, na kwa nguvu isiyozidi haja.

Wanafikra hawa wote wanamwazia mtetezi mwenye utulivu wa akili na hatari itokayo nje ya mlango. Lakini mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Hapa ndipo hoja ya haki ya asili inapohitaji kusomwa hadi mwisho, kwa maana Locke alishikilia kwamba uhai ni mali ya Muumba na kwamba mwanadamu hana mamlaka ya kuukatisha wa kwake. Ikiwa haki ya kumiliki silaha inatokana na wajibu wa kuhifadhi uhai, basi sheria kama ile ya Connecticut ya mwaka 1999, inayoruhusu mahakama kuondoa bunduki kwa muda kwa mtu aliye katika hatari ya kujidhuru au kudhuru wengine, haiivunji haki hiyo bali inaitumikia, na wanaoipinga kwa jina la Locke wanampinga Locke mwenyewe.