Utambulisho wa "Hapana"

Mwanafalsafa wa Kijerumani Friedrich Nietzsche, katika kitabu chake cha mwaka 1887 kuhusu chimbuko la maadili, alikieleza kinyongo kuwa ni hali ya mtu asiyeweza kujiona mwema mpaka kwanza ampate mwovu wa kujipima naye. Nietzsche hakuwa rafiki wa demokrasia, na msomaji halazimiki kumfuata katika mengine. Lakini hapa aligusa kasoro ya siasa ya ukanushaji, yaani siasa ambayo wafuasi wake hujitambua kwa kile wanachokipinga, wala si kwa kile wanachokitaka.

Mfano mmoja ni muungano wa vyama wa NARC nchini Kenya, ulioundwa Oktoba 2002 na wanasiasa waliotofautiana karibu katika kila jambo, baadhi yao wakiwa mawaziri wa Rais Moi hadi muda mfupi tu kabla ya hapo, na kilichowafunga pamoja kilikuwa azma ya kuking'oa chama cha KANU, kilichotawala tangu 1963. Kuipinga KANU kulikuwa haki. Wapo waliolipia upinzani huo kwa mateso katika vyumba vya jengo la serikali la Nyayo House, na ingekuwa dhuluma kuuita ujasiri wao kinyongo. Hata hivyo, mgombea wa NARC, Mwai Kibaki, aliposhinda urais kwa takriban asilimia 62 ya kura, yale ambayo "hapana" haikuwahi kuyajibu yalibisha hodi: rais awe na mamlaka kiasi gani, waziri mkuu awepo au asiwepo, na nani apewe nini. Katiba mpya iliyoahidiwa ndani ya siku 100 haikupatikana.

Kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba, ya tarehe 21 Novemba 2005, ilipowadia, tume ya uchaguzi ilitoa alama ambazo hata asiyejua kusoma angezitambua, ndizi kwa "ndiyo" na chungwa kwa "hapana", na chini ya chungwa wakasimama jukwaa moja waasi wa NARC pamoja na KANU ileile waliyoiangusha miaka mitatu kabla. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba katika siasa ya namna hii adui si mtu bali ni kiti, na kikiachwa wazi hutafutwa mwingine wa kukikalia. "Hapana" ilishinda kwa takriban asilimia 58, na chama kilichozaliwa na kampeni hiyo, ODM (Orange Democratic Movement), kilichukua jina lake kutoka kwenye tunda lile la karatasi ya kura.