Mlipeni Muuguzi wa Likasi

Ndugu zangu wa Kikula, wa Panda, wa Shituru na wa komuni ya Likasi, sikieni neno hili. Torati, katika Kumbukumbu sura ya 24, inaamuru kibarua maskini apewe ujira wake siku ileile, awe ndugu yako au mgeni aliyehamia mjini kwako. Mungu haangalii pasipoti ya mfanyakazi. Anamtazama aliyemtumikisha.

Siku hizi wauguzi wanasakwa dunia nzima. Mwaka 2021 Uingereza ilitia sahihi mkataba na Kenya ili wauguzi wa Kenya wakahudumu katika hospitali zake. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuweka kanuni za uajiri wa namna hiyo mwaka 2010, na mwaka 2023 Kongo yetu iliandikwa miongoni mwa nchi 55 zenye upungufu mkubwa, ambazo matajiri hawapaswi kuzipokonya wahudumu wa afya. Ni haki, nasi tuitetee.

Lakini anayewasukuma wauguzi wetu watoke mlangoni ni nani? Ingia wodini saa nane za usiku. Umeme umekatika. Muuguzi yuko peke yake, amemshikisha mama simu yenye tochi, naye anatafuta mshipa katika mkono wa mtoto mwenye malaria. Sindano, glavu na dripu vimenunuliwa na huyo mama. Muuguzi ana diploma ya chuo cha juu (A1), lakini hana matrikule, yaani namba ya utumishi wa serikali, na asiye na matrikule hana mshahara wa serikali. Mwisho wa mwezi atagawana na wenzake masalio ya pesa walizolipa wagonjwa. Kongo nzima imejaa watu kama yeye. Akifunga mzigo wake akaenda ng'ambo, mtamwita msaliti? Mimi siwezi!

Na usiku huohuo malori ya shaba na kobalti yanapita Likasi yakielekea mpakani Kasumbalesa. Utajiri upo, wapendwa. Unatupita tukiutazama.

Wauguzi wetu wakiondoka, huenda tukaita wageni washike nafasi zao. Sisemi tuwafungie mlango, hasha! Mwaka 1960, Wabelgiji walipokimbia, madaktari waliletwa kutoka nchi nyingi, Wahaiti wakiwamo, wakatushika mkono. Wakati huohuo wasaidizi wa madaktari wa Kikongo walipelekwa Ufaransa wakamalizie masomo, wakarudi wakiwa madaktari. Msaada wa wageni ulikwenda pamoja na kuwainua wana wa nchi. Leo tukimwita muuguzi wa kigeni na kumlipa, huku binti yetu akifanya kazi ileile bure kando yake, tumewadhulumu wote wawili, maana na mgeni naye ataishia kudai ujira usiofika.

Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa serikali za mahali madini yanapochimbwa. Basi, wakuu wa komuni, wekeni hesabu za fedha hizo wazi, na muuguzi awemo ndani yake. Wizara ya Afya, wapeni matrikule wale wanaofanya kazi tayari, kabla ya kuajiri mwingine yeyote. Nanyi waumini, Jumapili hii mwulizeni muuguzi anayeketi katika benchi lenu alilipwa lini mara ya mwisho. Jibu lake liandikeni, mtie sahihi parokia nzima, mlipeleke kwa meya Jumatatu asubuhi.