Mfundishe na Sababu Yake

Katika nyumba nyingi za kwetu majivu hayatupwi. Yakipoa huchekechwa na kuhifadhiwa kwenye kopo. Asubuhi tunayasugulia sufuria, jioni yananyunyizwa chooni, na msimu wa mavuno yanachanganywa na kunde na maharage ili wadudu wasije wakatuachia maganda. Wapo wanaoliona kopo hilo wakasema ni umaskini. Mimi naona elimu. Kinachonisumbua ni namna tunavyoirithisha elimu hiyo, kwa maana tunawapa watoto wetu nusu yake tu: tunawaonyesha tendo, sababu tunabaki nayo, au tumeshaipoteza.

Tuanze na majivu hayohayo. Yakilowa hutoa alikali, na alikali ikikutana na mafuta yaliyoganda kwenye sufuria, sehemu ya mafuta hayo hugeuka sabuni. Ndiyo maana chombo kinatakata hata pale ambapo kipande cha sabuni kimekwisha. Kwenye maharage kazi ni nyingine kabisa. Majivu makavu humkwaruza mdudu ngozi yake ya nje inayozuia maji ya mwilini yasipotee, akakauka. Tena hujaza nafasi kati ya punje na punje, akakosa pa kupita. Anayeijua sababu hii hatatia majivu yenye unyevu ghalani, wala hatanyunyiza kiasi kidogo juu juu akaridhika. Ameonyeshwa jambo moja, lakini anaweza kuamua mambo kumi.

Shangazi yangu, aliyenilea kwa miaka mingi, alikuwa na desturi ya kutoa sababu. Hakukutuma kazi asikueleze kwa nini inafanywa hivyo. Mtungi wa maji ya kunywa aliuweka kivulini, mahali panapopita upepo, na hakutaka mtu aupake rangi ya mafuta ili upendeze. “Mtungi unatoa jasho,” alikuwa akituambia. “Ukiuziba, utapoaje?” Shuleni nilikuja kufundishwa somo lilelile: maji hupenya kwenye vitundu vidogo vya udongo, yakifika nje hugeuka mvuke, na yakigeuka mvuke huchukua joto la mtungi na maji yaliyobaki ndani. Nilielewa pia kwa nini maji ya mtungi hayapoi sana wakati wa masika, hewa inapokuwa imejaa unyevu. Mwalimu alilipa jina lile ambalo shangazi alikuwa ameshanifundisha. Leo umeme ukikatika, nafunika chupa za maji kwa kitambaa kilicholowa na kuziweka dirishani penye upepo. Hakuna aliyenionyesha hilo la chupa. Sababu ya mtungi ndiyo iliyonionyesha.

Jikoni mwetu mambo ya namna hii ni mengi. Ndimu huondoa shombo la samaki kwa sababu shombo hilo lina kemikali za jamii ya besi, na asidi ya ndimu huzituliza. Ndimu hiyohiyo, ikichemshwa na maji ndani ya birika, hulainisha ukoko mweupe unaoachwa na maji ya chumvichumvi. Ndizi mbichi zikivundikwa pamoja na moja iliyoiva huwahi kuiva, kwa kuwa tunda linaloiva hutoa hewa iitwayo ethilini, nayo huamsha yale mengine. Punje chache za mchele ndani ya kidau cha chumvi hunyonya unyevu, chumvi isigande. Yote haya ni kemia, na yalikuwa mikononi mwa bibi zetu kabla hayajaandikwa kwenye daftari la mwanafunzi yeyote wa kwetu.

Sasa vidokezo vya nyumbani vinatufikia kwa simu. Video ya dakika moja, mikono inachanganya hiki na kile, doa linatoweka, nasi tunawatumia jamaa na marafiki. Sababu haimo. Pasipo sababu, anayeona jiki inang'arisha na dawa ya choo inang'arisha atadhani kuzichanganya ni kuzidisha usafi, kumbe dawa nyingi za choo zina asidi, na asidi ikikutana na jiki hutoa hewa ya klorini inayounguza mapafu. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyeungua anayepakwa dawa ya meno au unga. Kinachotakiwa ni kuuondoa moto mwilini kwa maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20. Dawa ya meno hufunika joto ndani ya kidonda na kukichafua. Na jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku wa baridi, milango imefungwa, hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Hayo hayajifunzwi kwa kujaribu.

Mfano wa faida ya kueleza sababu unaonigusa kuliko yote unatoka Bangladesh. Kuanzia mwaka 1980, kwa miaka kumi, shirika la BRAC liliwatuma wanawake nyumba hadi nyumba, zaidi ya kaya milioni 12, kuwafundisha akina mama kumtibu mtoto anayeharisha kwa chumvi, sukari guru na maji. Walipima kwa mikono: chumvi ya kufinya kwa vidole vitatu, na guru ya kujaza kiganja. Mwanzoni kina mama walijifunza vizuri, lakini waliotumia walikuwa wachache. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba baadhi ya wafundishaji wenyewe hawakuwa na imani na maji yale. Wakaelezwa yanavyofanya kazi: sukari ikipita kwenye utumbo huivuta chumvi, na chumvi huyavuta maji yaingie mwilini. Walipoelewa ndipo walipofundisha kwa moyo, nao kina mama wakaanza kuyatumia.

Hata kwetu, pakiti ya mchanganyiko huo kutoka zahanati isipopatikana, maji hayo hutengenezwa nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Anayejua kazi ya kila kimoja hatazidisha chumvi kwa kudhani anaongeza nguvu ya dawa. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto.

Naamini hili ni suala la heshima. Elimu ya jikoni imetunzwa zaidi na wanawake, wengi wao wasio na cheti, na tumezoea kuiita ujanja au mazoea. Kisha tunamnunulia mtoto kitabu cha sayansi akariri uvukizaji, huku mtungi uko barazani hapohapo. Mtoto anayekua hivyo huamini kwamba maarifa yapo mbali na kwao, na kwamba mama yake hana la kumfundisha. Hiyo ni hasara kubwa kuliko sufuria yenye masizi.

Kwa hiyo mtoto akiuliza kwa nini, wa kike kwa wa kiume, tusimjibu “ndivyo tulivyokuta.” Ukiijua sababu, mpe. Usipoijua, itafuteni pamoja, kwa bibi, kwa mwalimu, kwa mhudumu wa afya. Na pale itakapoonekana kwamba jambo fulani halisaidii au linadhuru, tuliache, hata kama tumelipokea kwa wazee tunaowapenda. Wazee hao waliyafikia mengi ya maana kwa kutazama, kujaribu na kuacha lisilofaa. Atakayewaheshimu kweli atafanya kama walivyofanya.