Picha Iliyo Ukutani

Katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, juu ya kabati la vyombo, pametundikwa picha moja. Yaonyesha watu kumi na mmoja waliosimama safu moja, kila mtu ana mzigo kichwani, na wa nne kutoka kushoto amegeuza uso kidogo kumtazama mpiga picha. Wageni wakiuliza, “Huyu ni nani?” wajukuu zetu hujibu bila kusita, “Ni babu yake babu. Alikufa katika vita vya Wajerumani.” Nao husema kwa moyo safi. Lakini sisi twajua ya kuwa mtu yule siye. Nasi ndio tuliomtundika.

Basi, wasomaji wapendwa, swali letu la mwezi huu si la mchezo. Walimu wa katekisimo huwafundisha watoto amri ya nane, na watoto hudhani ya kuwa yahusu ulimi tu. Sisi twauliza kama ukuta nao waweza kushuhudia uongo. Na kama uongo ulioanza kwa kumhurumia mtu ni uongo vilevile. Hatutaki kulijibu upesi, kwa maana tumeishi nalo zaidi ya miaka ishirini.

Yafaa kwanza tueleze jinsi tulivyopata kamera. Tulikuwa karani wa afisi kwa miaka thelathini na miwili. Kazi ya karani humzoeza mtu jambo moja: barua isiyo na tarehe si barua, na hati isiyo na sahihi ni karatasi ya kufungia vitumbua tu. Mwaka 1974 tulinunua kamera ya sanduku, kuukuu lakini nzima, kwa mwenye duka aliyekuwa akihama mji. Filamu yake ilitoa picha nane. Bei ya filamu na gharama ya kuisafisha vilitufanya tuwe na filamu moja kwa mwezi, na pengine mwezi ukapita bila hata moja. Mtu mwenye picha nane tu kwa mwezi hujifunza kuchagua. Nasi tulichagua nini? Tulichagua Jumapili. Watoto wamevaa viatu, nywele zimechanwa, wamesimama mbele ya ua wa maua. Mama watoto hakukubali hata siku moja kupigwa picha jikoni; alisema, “Ngoja kwanza nivae.” Alipokwisha kuvaa moshi ulikuwa umekwisha, na chungu kimeepuliwa. Mtu asiyetujua akiifungua albamu ile atadhani ya kuwa nyumba yetu haikuwa na Jumatatu.

Je, huo ni uongo? Twaona siyo, kwa sababu sisi wenye albamu twazijua Jumatatu zetu. Tukiitazama picha ya mwana wetu wa kwanza katika koti lake twakumbuka ya kuwa koti lile liliazimwa, na kwamba usiku ule alikuwa na homa. Picha yasema neno moja, na watu wa nyumbani huongeza mengine. Lakini ni shida pale ambapo hapana mtu tena wa kuongeza.

Tuliona mfano wake kwenye afisi moja, wala hatutaitaja. Mkubwa wetu alikuwa akihamishwa, nasi tuliombwa kuleta kamera. Makarani wakapangwa katika safu mbili mbele ya mlango. Tarishi wetu, mzee aliyewapikia watu wote chai na kuchukua barua zao kwa miaka mingi kuliko yeyote kati yetu, alisimama kando na makoti ya wakubwa mikononi. Sisi tulipotazama katika kioo cha kamera tulimwona amejitokeza ukingoni, nasi tukasema, “Mzee, sogea kidogo, unaharibu.” Akasogea. Picha ile ilitoka vizuri sana. Leo wengi walio ndani yake wamekufa, na mtu akiichunguza kwa kioo ataona pembeni kipande cha mkono wa koti kikining'inia hewani, wala hatajua ya kuwa kulikuwa na mtu aliyekishika. Haya twayaandika kwa aibu. Picha ile haina neno la uongo ndani yake, hata hivyo haisemi kweli.

Sasa tuje kwenye vita. Mwaka 1912 kampuni ya Kodak ilianza kuuza kamera ndogo ya kukunja, iliyoweza kutiwa mfukoni, na vita vilipotokea mwaka 1914 askari wengi wa Ulaya walikwenda nayo. Ndiyo sababu zipo picha za Krismasi ya mwaka 1914, ambapo askari wa Uingereza na wa Ujerumani walitoka katika mahandaki yao wakasimama pamoja. Wakuu wa majeshi hawakupendezwa, na kamera za askari wa Uingereza zilikatazwa. Lakini kuna habari nyingine ya vita vile ambayo sisi twaipenda zaidi. Mwaka 1915 chama cha YMCA huko Uingereza kiliwaomba wapiga picha wasio wa kazi, yaani watu wenye kamera zao za nyumbani tu, wawasaidie askari. Askari aliye mbali aliandika jina lake na mahali pa kwao. Ndipo mtu mwenye kamera, jirani na mahali pale, alipokwenda kumpiga picha mke wa askari mlangoni, na watoto, na wazee. Nayo ikapelekwa vitani bila malipo. Twawaza mtu mmoja wao, pengine karani kama sisi, akigonga mlango wa watu asiowajua siku yake ya kupumzika, akiwaambia wasiogope.

Lakini hapana mtu aliyekuja Upare kugonga mlango wa bibi yetu.

Waingereza walikwisha kuuteka mji wa Moshi mwezi wa Machi 1916, na vita vikaelekea kusini. Huko mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe na punda, barabara hazikuwapo, na mvua za mwanzo wa mwaka 1917 ziliifanya nchi ya Rufiji kuwa ziwa. Kwa hiyo mizigo yote ya jeshi, risasi na chakula na dawa, ilichukuliwa na watu vichwani, ratili 50 na zaidi kila mtu. Mwaka ule wa 1917 wapagazi walikusanywa kwa wingi na kwa nguvu. Walioshindwa na njia hawakuuawa sana na bunduki. Waliuawa na kuhara damu, na homa, na kichomi, na unga wa mahindi usioiva ambao wengi hawakuuzoea. Wanahistoria hukisia ya kuwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake walikuwa 95,000 au zaidi. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam latokana na kikosi chao. Watu hununua nyanya na kanga pale kila siku, na wachache hukumbuka.

Babu yetu alichukuliwa mwaka huo. Baba alikuwa mtoto wa miaka mitano, naye alituambia ya kuwa alikumbuka mgongo tu: migongo mingi ikishuka njia ya bondeni, na mmoja wao ulikuwa wa baba yake, lakini upi hakuweza kusema kwa hakika. Bibi alikuwa na mimba. Shangazi alizaliwa miezi michache baadaye. Hapana barua iliyokuja, wala habari ya kaburi. Mwaka 1927 sanamu ya askari mwenye bunduki ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam. Na mwaka 2021 tume inayosimamia makaburi ya vita ya Uingereza na nchi wenzake ilikiri, baada ya kuchunguza kumbukumbu zake, ya kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, pengine hata kidogo. Wakati huo shangazi alikwisha kufa.

Sisi, tukiwa mwana wa kwanza wa kiume, tulipewa jina la babu kama ilivyo desturi. Kwa sababu hiyo shangazi alituita “baba” tangu tukiwa tunatambaa, akatupa heshima ya baba, hata akatulalamikia kama mtoto amlalamikiavyo baba yake. Mwaka 2003, alipokuwa na miaka 86, tulimletea kitabu cha habari za vita tulichoazima, kwa kudhani atapenda kuona mizigo na mavazi ya siku zile. Akafunua polepole. Alipofika kwenye picha ya wale kumi na mmoja akanyamaza. Akaomba miwani yake nyingine. Kisha akaweka kidole juu ya mtu wa nne, akasema, “Baba, mbona hukuniambia kwamba umempata?”

Tukauliza, “Nani, shangazi?”

“Baba yangu. Tazama masikio. Ni masikio ya kaka yangu.”

Chini ya picha yaliandikwa maneno mawili matatu: wapagazi, Voi, 1915. Mwaka 1915 Voi ilikuwa upande wa Waingereza, na Upare ilikuwa bado chini ya Wajerumani. Babu alikuwa nyumbani akilima. Karani aliye ndani yetu aliiona tarehe kabla ya kidole cha shangazi kuondoka pale. Tukafungua kinywa, tukakifunga. Shangazi hakujua kusoma. Alikuwa akilia bila sauti, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto. Akasema, “Nipigie, niwe naye.” Tukapeleka kitabu dirishani penye mwanga, tukaipiga picha ile picha, tukaisafishisha kwa ukubwa, tukaitia kioo. Akaiweka karibu na kitanda chake mpaka alipofariki mwaka 2006. Tukairithi.

Mwinjilisti mmoja, rafiki yetu, tulipomweleza alisema, “Mmemfariji mzee; mmemdhuru nani?” Ni neno la huruma, nasi tulilishika kwa miaka mingi. Siku hizi hatulishiki tena kwa nguvu ile. Yule mtu wa nne alikuwa mtu. Alikuwa na jina, na yamkini alikuwa na mtoto. Karani wa jeshi hakuliandika jina lake chini ya picha. Sisi, karani mwingine, tumemwandikia jina ambalo si lake. Na kama kuna nyumba mahali fulani inayomtafuta, sisi tumemficha katika nyumba yetu kwa upendo.

Mtu aweza kutuambia: Shangazi alikuita wewe baba maisha yake yote, nawe hukuwa baba yake, wala hapana aliyesema ni uongo. Ni kweli, na jibu hilo lilitupendeza sana hata tulipoliangalia vema. Jina la babu lilipokuwa juu yetu, kila mtu alijua. Shangazi alijua, majirani walijua, nasi tulijua. Alipotuita baba tulicheka pamoja, na babu akakumbukwa. Neno la picha lilijulikana na mtu mmoja tu. Tofauti yote i hapo. Hatudhani ya kuwa tulikosa sana siku ile mbele ya mwanamke mzee aliyekuwa akilia, ingawa wako watakaotuhukumu hata kwa hilo, nasi hatutabishana nao. Tulikosa baada ya mazishi. Watoto walipouliza, “Huyu ni nani?” hapakuwapo tena machozi ya kutuzuia, lakini kunyamaza kulikwisha kuwa rahisi, na sifa ya kuwa na babu ukutani ilikuwa tamu. Ndivyo tulivyomwambia tarishi asogee.

Tulitaka kuiondoa. Mama watoto akasema, “Ukiiondoa, unamwondoa na wifi yangu. Yeye ndiye aliyeona.” Hatukupata la kumjibu, na picha ikakaa mwaka mwingine.

Mwezi uliopita tuliishusha siku ya Jumamosi, wajukuu wote wakiwapo, tukawasimulia habari yote: mgongo ulioshuka bondeni, kitabu, masikio, tarehe, na kimya chetu. Tulidhani watasikitika kwa kunyang'anywa babu. Wakubwa walinyamaza kweli. Mdogo wao, mwenye miaka saba, akauliza, “Na huyu, kwao wanamtafuta?” Tukamwambia ya kuwa hatujui. Akauliza kama wakija tutawapa. Tukasema ndiyo, tutawapa.

Kisha tukaigeuza picha, tukaandika nyuma yake kwa wino, kama tulivyozoea kuandika juu ya majalada ya afisi: “Wapagazi kumi na mmoja, Voi, 1915. Majina yao hayakuandikwa. Wa nne kutoka kushoto, shangazi yetu alimwita baba, mwaka 2003. Baba yake alichukuliwa Upare mwaka 1917, naye hana picha.” Tukatia tarehe na sahihi, tukairudisha mahali pake juu ya kabati.