"Si Ni Zangu Mwenyewe?"

Mama mdogo wangu anaishi Bahati, nje kidogo ya Nakuru. Magoti yake yameumia kwa miaka mingi ya kuinamia viazi. Majuzi alinipigia simu.

"Kuna daktari anatoa mafuta ya tumbo, anachuja seli shina, anakudunga nazo kwa goti. Wewe ndiye umesoma. Si ni zangu mwenyewe? Zitanidhuru aje? Niuze ile robo eka?"

Kilichoninyima usingizi si shamba tu. Ni yale maneno: zangu mwenyewe.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kansa nayo ni nini, kama si seli za mtu mwenyewe zilizokataa kuacha kugawanyika? Seli shina inasifiwa kwa sababu hiyohiyo: inajua kugawanyika. Kwa hivyo uzawa wake si kinga.

Sisemi tiba yote ni uongo. Upandikizaji wa uboho umeokoa wagonjwa wengi wa kansa ya damu, na E. Donnall Thomas alipata tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi hiyo. Tena seli shina za mtu mzima si hatari kwa uvimbe kama zile za kiinitete. Lakini "mara chache" si "kamwe". Mwaka 2014, madaktari Marekani walieleza kisa cha mwanamke aliyepooza, ambaye huko Ureno alipandikizwa mgongoni seli za pua yake mwenyewe. Miaka minane baadaye alitolewa uvimbe uliokuwa ukitoa ute mzito kama kamasi. Haukuwa kansa. Ulikuwa wake mwenyewe, hata hivyo.

Anayeuza sindano na kusema "haina madhara" anaapa juu ya miaka ambayo hatakuwepo kuihesabu. Huo ndio ubaya wake, hata kama goti litapona.

Nikamwambia mama mdogo asiuze. Akanyamaza kidogo.

"Sawa. Na wewe unanipa nini?"

Sikuwa na jibu. Ukweli wangu haukuwa umenigharimu hata shilingi. Nadhani anayemvua mtu tumaini, hata la uongo, anabaki na deni lake.

Jumamosi nampeleka kwa daktari wa mifupa. Nauli ni yangu. Na msimu huu, viazi nitachimba mimi.